Mama Mshono na Chupa ya Bibi

Jina la Mama Mshono hakulipata kwa kushona, ingawa kushona ndiko kulikomlisha miaka thelathini na mitano. Alilipata kwa chupa. Mlango wa pili kutoka kwake palikuwa na duka la muuza vikuukuu, bwana mwenye maneno mengi kuliko bidhaa. Siku moja bwana huyo alikuwa akimsifia mteja chupa ya kahawia, ati ina miaka mia na ushee. Fundi wetu, aliyekuja tu kurudisha kiti, aliishika, akapitisha ukucha ubavuni mwake, kisha akauliza kwa nia njema kabisa, "Mbona mshono wa hii umepanda mpaka mdomoni, na wa ile ya juzi ulikomea shingoni?"

Mteja akaaga. Jirani akanuna siku mbili, ya tatu akaja na kapu zima la chupa.

Maana swali lilikuwa na jibu. Chupa za zamani mwili wake ulitoka kwenye kalibu ya vipande viwili, na mshono ni alama ya pale vilipokutana, lakini mdomo ulimaliziwa kwa mkono, kwa hiyo mshono hukoma shingoni. Za mashine mshono hupanda hadi juu. Kongwe zaidi, zilizopulizwa kwa pumzi ya mtu, zina kovu kitakoni, pale fimbo ya chuma ilipozishika zikiwa bado za moto. Yeye kovu hilo aliliita kitovu. "Kila kilichozaliwa kina kitovu," alikuwa akiwaambia wateja, na wao wakacheka mpaka walipoambiwa chupa yao haikuzaliwa, imefyatuliwa mwaka jana.

Watu wakaanza kumletea chupa pamoja na suruali za kupunguza. Hakumdanganya mtu. Jirani alimkonyeza hadi kope zikachoka, wapi! Bandia aliiita bandia, hata mbele ya mwenye machozi.

Ila ilikuwepo chupa moja ambayo hakuwahi kuipima. Ilikuwa ya kijani, ya bibi yake mzaa baba, na mama yake aliitunza kabatini kama mboni ya jicho. Mama alipokuwa mgonjwa wa kutoamka tena, alisema chupa apewe mtoto mdogo. Si yeye kifungua mimba, si yeye mwenye mikono inayozielewa chupa. Mdogo! Tuseme kweli, iliuma. Hakugombana na mtu, alipunguza tu kwenda kwa mdogo wake, kisha akaacha. Miaka mitatu ikapita kwa salamu za simu na "tutaonana Mungu akipenda".

Asubuhi moja mdogo wake akaingia bila hodi, akaweka kifurushi cha taulo juu ya cherehani.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Msiba ni huu wa mimi na wewe." Akafungua taulo. "Nimechoka, Dada. Ipime. Ikiwa ya kweli, chukua, wewe ndiye mkubwa. Ikiwa bandia, naivunja hapa hapa, tusiwe na cha kununiana. Ila niambie kweli kama unavyowaambia watu."

Neno moja tu, "ya kweli", na chupa ingekuwa ya Mama Mshono. Akavua miwani, kwa kuwa macho humchanganya, akafumba.

Kitako kilikuwa kimelika. Vizuri. Ubavuni mshono ulipanda taratibu. Vizuri pia. Ukafika shingoni, ukakoma. Alitaka kutabasamu, lakini ukucha ulikataa kuondoka. Kuanzia pale ulipokoma hadi mdomoni kulikuwa na mikwaruzo myembamba, yote ya kwenda juu na kushuka chini. Kuchakaa kwa umri hakufuati mstari. Huu ulikuwa msasa. Mtu alikaa akausugua mshono huo mpaka ukaisha.

Na nyumba yao ilikuwa na msasa tele, maana baba yao alikuwa seremala.

Hapo ndipo mpira wa matambara ulipomrudia, baada ya miaka hamsini na mbili. Alikuwa na miaka saba, bibi mkali amesafiri, mpira ukapiga kabati, kitu cha kijani kikapasuka. Alikimbilia kwa mama yake mdogo, akakaa siku tatu akikataa kurudi. Aliporudi, chupa ilikuwa mahali pake. "Uliota, mwanangu," mama alimwambia. "Ulikuwa na homa." Naye aliamini, maana nani asingependa kuamini? Ila vidole vya mama vilikuwa vimefungwa vitambaa, vyote vya mkono wa kulia, na bibi aliporudi aliambiwa ni kisu cha jikoni.

"Dada? Mbona unalia?"

"Ni bandia," alisema Mama Mshono. "Hii ilikuwa chupa ya dukani, pengine ya siki. Ya bibi niliivunja mimi, Mama akatengeneza hii nisipigwe." Akamsimulia yote, akirudia rudia vile vidole.

Mdogo wake akakaa juu ya rundo la nguo za watu. Alikuwa amebadilika uso.

"Kuna neno sikukwambia," alisema. "Niliona litakuumiza zaidi. Siku ile Mama aliniambia, 'Dada yako akitaka chochote mpe, ila chupa hii asiishike.' Nilidhani anakuonea. Nilimkasirikia, wallahi, mgonjwa vile."

Mama Mshono aliibana chupa kifuani kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, na aliyeleta suruali mlangoni akarudi zake nayo.

"Hakuwa ananinyima," alisema mwishowe. "Alijua vidole vyangu vitagundua. Alikuwa ananificha. Mtu anakufa, bado anamfichia mtoto wake kosa la mpira!"

"Nilisema ikiwa bandia naivunja."

"Thubutu."

"Basi chukua."

Mama Mshono alipangusa chupa kwa upindo wa gauni, akaiviringa ndani ya taulo pole pole, akampa mdogo wake.

"Alikupa wewe. Kaa nayo."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa nakuja kuiona."

"Njoo Jumapili, Dada. Watoto wote watakuwepo."

"Jumapili mbali," alisema Mama Mshono, akiifunika cherehani na bado ni saa nne asubuhi. "Twende sasa hivi."