Mpira wa Papai Gerezani

Siku ya kwanza kazini nilichelewa, na nilikuwa natokea mtaa wa pili tu. Nyumbani Mchafukoge, kazini Gerezani. Mtu mwingine angefika chai haijashuka tumboni. Mimi nilisimama mlangoni nikijishauri, maana tangu utoto ni mtu wa ndani. Jua naliheshimu sana, ndiyo maana silisumbui. Bahati nzuri kazi yenyewe ilikuwa imeumbwa kwa mtu wa aina yangu: kutangaza mpira wa Ulaya nikiwa nimekaa gizani, kwenye kibanda umiza.

Kibanda umiza, kwa ninyi mliokulia kwenye makochi, ni ukumbi wa mabati na mabenchi ambamo watu walikuja kutazama mpira wa kwenye dishi. Mabenchi yaliumiza kweli, jina halikuyaonea. Enzi hizo ving'amuzi havikuwa vinaongea Kiswahili kama siku hizi. Mtangazaji wa banda alizima sauti ya Kizungu, akashika kipaza sauti, akatangaza mwenyewe kila kinachoonekana kwenye kioo. Alikalia kigoda pembeni ya kioo, na kigoda kile kilikuwa cheo. Mtu mwenye kigoda alipita Kariakoo akiitwa kwa jina. Asiye nacho aliitwa "wewe".

Nilikuwa na wakubwa watatu. Mwenye banda alikuwa Mangi, Mchaga wa Kilimanjaro, mbele anauza spea za magari na nyuma ndiko lilikokuwa banda. Fundi Mitambo alisimamia dishi, projekta na jenereta. Halafu alikuwepo Mtangazaji Mkuu, mzee mwenye sauti ya kukwaruza kama mlango wa ghala, ambaye ndiye aliyenifundisha.

"Kazi ni mbili tu," aliniambia. "Ufuate mpira. Mpira ukilala, jaza hewa."

Kujaza hewa ni kuongea wakati hakuna cha kusema: mchezaji amelala, unamtaja mkewe, unamsifu kinyozi wake. Hapo nilikuwa hodari. Kuufuata mpira ndiko kulikonishinda, kwa sababu Mkuu alifoka jina la mchezaji kabla mguu haujagusa, nami nilimtaja akiwa ameshatoa pasi na amerudi nyuma kunywa maji.

Mangi alinipa miezi ya majaribio, na hakuzunguka.

"Kijana, mimi nauza spea. Gari likikosa plagi haliendi, na banda likikosa mdomo haliendi. Wewe ni plagi. Plagi mbovu huwa siombei, natupa."

Basi ikafika Jumamosi moja, Mtangazaji Mkuu yuko msibani Rufiji na banda limefurika. Walikuwepo wauza spea, mafundi wa gereji na wasukuma mikokoteni wa Kariakoo waliotua mizigo yao wakaja kutazama mechi kubwa ya Uingereza. Mtaa wa pili kulikuwa na banda lingine, na mtangazaji wake alijulikana kwa kutuchukulia wateja. Mangi akanishika bega.

"Leo uko peke yako. Watu wakibaki mpaka filimbi ya mwisho, kigoda chako. Wakihamia kwa jirani, na wewe hamia nao."

Mechi haijaanza, kioo kikajaa chenga. Kunguru wa mji huu mnawajua. Walikuwa wamelifanya dishi letu kijiwe chao, na Fundi Mitambo alipopanda juu ya bati kuwafukuza akaligonga dishi kwa kiwiko, likageuka. Tukasikia anahangaika huko juu, bati linalia. Picha ikarudi. Uwanja ulikuwa wa kijani, mkubwa ajabu, umeviringa kama yai.

"Nimekamata Australia!" Fundi akapiga kelele kutoka juu. "Uingereza bado naitafuta! Wewe ongea!"

Kwenye kioo walikuwa wanaume wengi kuliko kawaida, wamevaa fulana zisizo na mikono na kaptula za kubana. Wanagombea mpira wenye umbo la papai. Wanaupiga teke, wanaupiga ngumi, wanaudaka, wanakimbia nao. Kizungu changu ni cha kidato cha nne, tena divisheni ambayo nyumbani hatuitaji mbele ya wageni. Nilifungua sauti kidogo nisikie wanasema nini. Nikaizima.

"Mabibi na mabwana," nikaanza, ingawa bibi hakuwepo hata mmoja, "hii hapa ni kandanda ya Australia!"

"Redio, mbona wanashika?" mtu akauliza. Redio ndilo jina walilonibandika.

"Kwao ruksa."

"Sasa refa anafanya nini pale?"

"Anajifunza, kama mimi."

Wakacheka, na nikapata pumzi kidogo. Mchezaji mmoja akaruka, akakanyaga mgongo wa mwenzake na kuudaka mpira angani. Wasukuma mikokoteni waliinuka wote kwa furaha, wakipiga kelele: "Kampanda mwenzie bila nauli!" Mpira ukapigwa katikati ya milingoti. Ilikuwa minne imesimama mstari mmoja, miwili mirefu katikati na miwili mifupi pembeni. Mtu aliyesimama nyuma yake akachomoa bendera mbili akazipunga. Gerezani ni mtaa wa reli, mstaafu mmoja wa benchi la nyuma, aliyekuwa gadi wa treni, akapaza sauti: "Njia nyeupe! Pita!" Tukaelewa polepole, wote pamoja: ukipita katikati bendera mbili na pointi sita, ukipita pembeni bendera moja na pointi moja. Benchi la nyuma likachukua kazi ya bendera, zikipungwa tu, "Pita!"

Tatizo likaonekana mapema. Waliovaa mistari walikuwa wanawachapa waliovaa bluu bila huruma. Bendera mbili, bendera mbili, bendera mbili. Niliufuata mpira kama nilivyofundishwa, na mpira ulikuwa unaelekea upande mmoja tu. Nikawataja wa mistari, nikawasifu, nikarudia sifa zilezile. Mapumziko yalipofika nilikuwa nimejaza hewa yote ya Gerezani, na Fundi bado yuko juu anagombana na kunguru.

Benchi la mbele likaanza kuinuka. "Redio, hii imeisha. Tunaenda kwa jirani." Mangi alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Hakuwazuia. Alikuwa ananitazama mimi.

Aliyeniokoa ni Mzee Nangonga, msukuma mkokoteni kutoka kusini, mtu mkubwa wa mikono na mdogo wa maneno. Hakuinuka.

"Mwanangu," akasema, "yule mwenye bendeji kichwani mbona humtaji?"

"Mzee, yule ni wa bluu. Wanapigwa."

"Naona wanapigwa. Kila mpira ukija kwao yeye yupo. Kapasuliwa, kafungwa kitambaa, karudi. Mshindi ana ubao wa kumsemea. Huyo nani amsemee?"

Mnaojua Kariakoo mnajua desturi ya mikokoteni. Mkokoteni ukikwama kwenye kilima au shimo, hakuna anayeuliza wa nani wala umebeba nini. Aliye karibu anaweka mkono na kusukuma. Anayepita bila kusukuma, siku yake ya kukwama atausikia upweke. Nikashika kipaza sauti, nikauacha mpira. Nikamfuata mtu.

"Anakuja Bendeji! Wako watatu, yuko peke yake! Kawahi, kaangushwa, kainuka! Jamani, mkokoteni umekwama, mkono wenu uko wapi?"

"Sukumaaa!" wakajibu wasukuma mikokoteni, waliokuwa wameshafika mlangoni.

Wakarudi kukaa. Kila Bendeji alipogusa mpira, banda zima likasukuma. Wa mistari waliendelea kufunga, kwa haki kabisa, maana walikuwa wazuri kupita kiasi, na mimi sikuwanyima sifa yao. Lakini hakuna aliyekuwa anatazama bendera tena. Tulikuwa tunatazama kama yule bwana atachoka. Hakuchoka. Fundi akashuka jasho linamtiririka, akatangaza kwamba ameipata Uingereza, na watu wakamfokea: "Usiguse!"

Karibu na mwisho Bendeji akaudaka mpira mbele ya milingoti, sijui alifikaje kule. Wakamwachia apige, maana kwao ukiudaka mpira hewani unapewa nafasi. Nami, mtangazaji, nikanyamaza. Mkuu angenifukuza kwa hilo. Mpira ukapita katikati. Bendera mbili. Banda likalipuka, mabati yakatetemeka, na wateja wa jirani wakaja mbio kuuliza nani kafunga Uingereza.

Mangi akapenya mpaka kwenye kigoda. "Hawa bluu wameshinda?"

"Hapana, Bosi. Wamepigwa vibaya sana."

Akatazama watu waliokuwa wanakumbatiana, akatazama ubao, akatikisa kichwa. "Spea yako siifahamu," akasema, "lakini inafunga." Ndivyo nilivyoajiriwa.

Baadaye nilihamishiwa banda la Mchafukoge, ghorofani, nikapelekwa la Kariakoo kuwa Mtangazaji Mkuu mimi mwenyewe, mpaka ving'amuzi vilipoanza kuongea Kiswahili na mtu wa kigoda akawa hana la kusema. Nilistaafu bila kinyongo. Hawa vijana wa siku hizi ni hodari, wanamtaja mchezaji kabla hajagusa, wana takwimu mpaka za soksi. Ninachowasihi ni kimoja: timu ikizidiwa, msiwaache waliozidiwa wakimbie kimyakimya. Pale ndipo kazi inapoanza.

Jina la Bendeji sikulijua kamwe. Huko aliko sasa atakuwa mzee, goti linamsumbua, na nadhani siku ile anaikumbuka kama aibu. Natamani angejua kwamba kuna mtu alioa, akajenga, akasomesha, kwa sababu yeye aligoma kulala chini. Akitokea Bongo siku moja, aulize Redio wa Gerezani, ataletwa kwangu. Aje yeye, lakini. Mimi kumfuata Australia ni mbali. Kwenda kituo cha mwendokasi tu naanza kuaga asubuhi.