Hodi Shambani Kwetu

Mkoa wetu ulipokuwa mpya na Babati ikawa makao makuu yake, mji mzima ilizungumzia viwanja. Shamba letu la Singe, la mahindi na mbaazi, likawa ghafla ni mjini.

Siku wapimaji walipokuja, mama alikuwa jikoni. Kwetu mgeni wa kazi haondoki na njaa, na anayempikia ni mama mwenye nyumba. Baba alikuwa ameshafariki. Tulimzika palepale shambani, kando ya minyaa ambayo babu aliipanda iwe alama ya mpaka siku alipomkatia baba sehemu yake. Kwa hiyo aliyezunguka mipaka na wapimaji alikuwa baba mdogo. Jirani alitusimulia baadaye kwamba walipouliza mwenye shamba ni nani, alijibu, "Andikeni mimi. Shemeji ni mtu wa jikoni." Wakacheka. Kisha wakaja kula kuku wa mama.

Hati ilipotoka, baba mdogo akaliuza shamba kwa mtumishi wa serikali aliyehamia Babati mkoa ulipoanza.

"Nimelima hapa tangu niolewe," mama alimwambia.

"Kulima si kumiliki, shemeji. Hata ng'ombe wanalima."

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, ambako tulisoma kwamba mtu akitia jasho lake ardhini, ardhi inakuwa yake. Nililigeuza wazo hilo mpaka likachakaa. Jasho la jikoni je, linahesabiwa? Siku ile nani alitoka jasho zaidi, aliyetembea au aliyepika? Hata ningepata jibu, sikujua nimpelekee nani.

Mnunuzi alijenga nyumba, akaweka uzio na geti. Tulipokwenda kupalilia kaburi, mama alisimama nje na jembe lake, akaita, "Hodi!"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Akatoka mnunuzi mwenyewe, kijana mpole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Karibu sana. Njoo wakati wowote, hapa ni kwako."

Angetukatalia, ningejua la kufanya. Lakini ukarimu wake ndio ulioniumiza, kwa sababu anayeweza kukukaribisha anaweza pia kunyamaza ukibisha hodi, na mama alilijua hilo kabla yangu. Alishukuru mara mbili.

Alipalilia polepole, akasafisha mpaka kwenye minyaa. Tulipokuwa tunarudi getini, akanyoosha mkono kuchuma mbaazi alizozipanda mwenyewe. Kisha akageuka, akaitazama nyumba ya yule kijana, akaurudisha mkono.