Tulichogombezewa Nyumbani

Sisi tuliokulia mjini Butembo wakati wa vita tulisoma kalenda kwa masikio: risasi zikilia, likizo, zikinyamaza, shule. Nilipofika mwaka wa pili wa sekondari, miezi mingi ilikuwa imeshapotea, na mama, muuza kabichi, alikuwa ameapa kwamba mwaka ule hautapotea. Ndipo mwalimu wa sayansi akataka kila mmoja achague mada ya utafiti wake mwenyewe. Asiye na mada asingepanda darasa.

Tulichagua mada kwa ukubwa wake. Nusu ya darasa ilichukua malaria. Mimi nilipeleka amani ya dunia, ikarudishwa. Nikapeleka nyota, mwalimu akauliza nimezitazama lini. Sikuwahi, maana giza likiingia sote tulifungiwa ndani.

Basi akatuita mezani mmoja mmoja, akauliza polepole: "Ku nyumba banakugombezaka juu ya nini, na kesho unarudilia?"

Tulielewa vibaya, tukadhani anatuungamisha makosa tunayoyarudia. Wakatoliki tulipanga mstari kama wa kitubio, tukamtajia dhambi za kuazima. Waprotestanti walisema kwao hakuna kosa. Kavira, aliyekuwa mbele yangu, ndiye peke yake aliyesema kweli: hugombezwa kwa kufukua maharagwe yaliyopandwa, aone yamefika wapi. Mwalimu akamwambia mada ameshapata. Mstari mzima ukajuta.

Mimi nikaenda kumwuliza mama. Alicheka kwanza.

"Nakutuma mayi, unaikala ku mutelemuko wa Vulamba kuangalia chukudu mpaka mangaribi. Mayi iko wapi?"

Ni kweli, maji niliyasahau. Chukudu, baiskeli zile za mbao zisizo na pedali, zilishuka na magunia ya viazi, dereva akikanyaga kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma ili zipunguze mwendo. Nilijua kwa harufu breki inayokaribia kushindwa. Nikayaandika hayo. Mwalimu akasoma, akanifuata hadi mtelemkoni nimwoneshe, akapiga chafya kwa moshi wa mpira. Nikapanda darasa.

Siku hizi vijana huiuliza simu, nayo huwapa wote malaria ile ile yetu, ila kwa Kifaransa kizuri zaidi. Juzi mwanangu alikwama kuchagua mada yake ya shule. Mimi, msomi wa chuo kikuu, nikamwuliza swali lile, polepole kama yule mwalimu.

"Papa, nani ananigombezaka? Haukalaka ku nyumba."

Vita vilitufungia ndani na wazazi wetu hadi wakatujua na kutuchoka; mimi nyumbani kwangu nilikuwa mpita njia. Nikaahirisha safari yangu ya kikazi ya Beni, nikaketi sebuleni, nikingoja afanye jambo la kugombezewa.