Mkwe Hatiwi Ndooni

Mtaani walimwita Mzee Sekunde, naye hakuchukia. Fundi saa wa miaka arobaini kazini ataitwaje? Kibanda chake kilienea meza moja na kiti kimoja tu, na mteja aliyeambiwa aje Jumanne saa nne, akitokea saa nne na dakika tano, alimkuta mzee amenuna.

Nyumbani alikuwa na tangi la kioo la maji ya chumvi, refu kama benchi, limekaa sebuleni mahali ambapo watu wenye akili zao huweka televisheni. Humo aliishi samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, jina lake Mke Mwenza. Aliyempa jina hilo ni mke wa mzee. "Mume gani huyu?" mama alikuwa akiwashtakia wageni. "Akitoka kazini anamsalimia samaki kwanza, mimi baadaye. Nina mke mwenza humu ndani, na hana hata miguu!" Alilalamika hivyo, lakini mzee akimaliza kumlisha samaki na kugeuka, mama huyo huyo alimwongezea chakula kwa siri.

Mama alifariki miaka mitatu kabla ya mambo haya. Siku za mwisho alimshika mumewe mkono akasema, "Mke mwenzangu nakuachia. Asije akafa kwa uzembe wako." Mzee aliahidi, na ahadi ile aliibeba kila siku.

Kwa hiyo alikuwa na sheria, na sheria yenyewe haikujua rafiki wala jamaa. Kiumbe chochote kipya kilikaa karantini kwanza, kwenye ndoo bafuni, majuma sita. Kila ndoo ilikuwa na wavu wake, uliofungwa uzi wa rangi yake, na mzee hakugusa ndoo ya pili bila kunawa mikono. Binti yake alimcheka.

"Hata konokono, baba?"

"Konokono ndiye hatari. Anajifanya mpole, kumbe gambani amebeba abiria."

Basi binti akaolewa, na mama mkwe wake akaja kumtembelea mzee kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya kunyamazisha darasa zima. Mkononi alishika mfuko wa plastiki uliojaa maji, na ndani ya maji samaki wa buluu anazunguka.

"Mkwe, nimesikia unapenda samaki. Nikasema siji mikono mitupu."

"Aa, mkwe! Umejisumbua bure," mzee alisema.

"Haya basi, si umtie humo tumwone?"

Hapo ndipo palipomshinda. Mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Utamwambiaje mkwe, tena aliyekuja mara ya kwanza, kwamba zawadi yake huenda ina wadudu na mahali pake ni kwenye ndoo, jirani na choo? Aliuacha mfuko uelee juu ya maji nusu saa kamili ili joto lilingane, na hilo angalau alilifanya kwa saa. Kisha akamtia samaki wa buluu tangini. Mkwe akapiga makofi.

Siku ya tisa asubuhi, mzee alikwenda kutoa salamu zake. Mke Mwenza alikuwa akijisugua kwenye jiwe, na mapezini alikuwa na vidoa vyeupe, kama amenyunyiziwa chumvi ya mezani. Mzee alivaa miwani yake ya kutengenezea saa, akatazama kwa karibu, akakaa chini sakafuni. Aliona aibu, na aliogopa sana.

Binti alipopigiwa simu hakumhurumia. "Si ungemwambia tu, baba?"

"Nimwambie nini? Mkwe hatiwi ndooni!"

"Aliyetakiwa ndooni ni samaki, baba, si mkwe."

Maji yalikwisha kumwagika. Mzee aliwajua maadui zake. Vile vidoa ni vimelea. Vikishiba hudondoka, hujificha mchangani na kuzaana, na baada ya siku kadhaa watoto wake hutoka kwa mamia kutafuta samaki. Kumwaga dawa ya shaba tangini kungewaua kamba na konokono waliomo, wasio na kosa. Akaamua kupigana kwa kitu anachokijua, yaani saa. Aliwahamishia samaki wote wawili bafuni, na kila baada ya siku tatu, saa kumi alasiri, aliwahamisha tena kwenye ndoo safi yenye maji mapya, chumvi na joto vilevile. Vimelea vilivyodondoka vilibaki ndoo ya nyuma, ambayo ilisuguliwa ikaanikwa juani hadi ikakauka kau. Adui akiamka, akute wenyeji wamehama. Tangi nalo likae siku sabini na sita bila samaki hata mmoja, ili waliojificha mchangani watoke, wakose wa kumng'ang'ania, wafe njaa.

Ikawa yeye mwenyewe anaoga kwa kujibana pembeni kama mwizi, akiomba radhi kila akirusha povu. Lakini Mke Mwenza hakula. Siku ya tano alilala ubavu chini kabisa ndani ya ndoo, anahema haraka haraka. Mzee alichuchumaa pale na taulo lake kiunoni. "Usinifanyie hivi," alimwambia. "Mwenzako nitamjibu nini?"

Siku ya tisa ya vita hivyo, saa kumi kasoro dakika tano, mlango ukabishwa. Alikuwa mkwe, bila taarifa. Aliingia, akaketi, akaliangalia tangi.

"Mkwe, samaki wangu yuko wapi?"

"Ame... amekwenda kupumzika."

"Samaki anapumzikia wapi?" Sauti ilikuwa ya kumuuliza mtoto aliyesema daftari lake limeliwa na mbuzi.

Kabla mzee hajapata uongo wa pili, saa zote za nyumba ile, kubwa na ndogo, zililia kwa pamoja. Saa kumi. Mzee alisimama, akakunja mikono ya shati, akamwacha mkwe sebuleni. Mkwe akamfuata hadi mlango wa bafu. Akaziona ndoo, akaziona nyavu, akamwona samaki wake wa buluu.

"Kosa si lako, mkwe," mzee alisema bila kugeuka. "Kosa ni langu. Mgeni yeyote hapa hukaa karantini kwanza. Wewe nilikuonea haya, nikavunja sheria, na sasa samaki wa marehemu mke wangu anakufa."

Kisha mkwe akacheka hadi akaegemea ukuta.

"Karantini? Na binti yako je? Unadhani mwanangu alimleta nikamkumbatia siku hiyo hiyo? Nilimchunguza mwaka mzima! Jikoni, msibani, hata usingizini. Ungeniambia tu, mkwe wangu, ningekuheshimu zaidi." Alivua saa yake ya mkononi, akaiweka rafuni. "Wavu upi?"

Mzee alimwonyesha bomba. "Nawa mikono kwanza, mkwe."

Mkwe akanawa.

Siku ya kumi na mbili Mke Mwenza alimeza punje moja ya chakula, na mzee alifunga kibanda mapema kwa furaha. Vidoa viliisha. Siku ya sabini na sita mkwe alifika mapema, na mzee, ambaye mikono yake hushika skrubu ndogo kuliko chawa, siku hiyo alimkabidhi wavu. Mkwe ndiye aliyewarudisha samaki tangini. Yule wa buluu alijificha nyuma ya jiwe. Mke Mwenza alikwenda moja kwa moja kwenye pembe ya dirishani alikozoea kulishiwa, akafungua mdomo.

Mzee akamlisha, punje alizozihesabu, akafunika kopo.

"Mwongeze kidogo," mkwe akasema. "Bado anaomba."

"Ameshakula, mkwe."

"Mwongeze, mkwe. Hatamwambia mtu."

Mzee Sekunde, ambaye miaka yote alijua wazi nani alikuwa akimlisha samaki mara ya pili na hakuwahi kumsema, alilifungua tena kopo akatia punje tatu. Machozi yalimtoka mbele ya mkwe, na hakuona haya.