Barua Kumi na Tisa kwa Wenye Mamba

Barua ya kumi na tisa aliiandika kwa hasira kuliko zote. Aliiandika kwa vidole viwili, aproni imejaa vumbi la plasta, na meno ya bibi wa watu yakimsubiri kwenye kibano. "Ndugu wahusika," alianza, maana hata akipandwa na mori alikuwa mtu wa adabu zake, "leo nimemuua mamba wenu kwa mara ya mia nne na sitini na tatu. Amenipa jino. Mimi nina meno ya kutosha."

Na kweli alikuwa nayo. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, kazi ya miaka ishirini na sita, na kliniki nzima, kuanzia daktari hadi mfagizi, ilimwita Gego. Jina hilohilo ndilo alilojiandikisha nalo kwenye mchezo. Chumba chake kilikuwa nyuma, baada ya stoo: meza ndefu, jiko dogo la kuyeyushia nta, mashine ya kusugulia, na rafu ya vinywa vya plasta, kila kinywa na namba ya mgonjwa wake. Kompyuta ilikuwa mali ya kliniki. Jumamosi kliniki ilikuwa haifunguliwi, lakini Gego alikuwa na ufunguo, na daktari alishaacha kuuliza anakuja kufanya nini.

Sasa msimcheke mtu mzima kucheza gemu. Alilazimika. Binti yake kitindamimba alikwenda kusoma nchi ya mbali, na simu ikawashinda wote wawili. "Umekula?" "Nimekula." "Masomo?" "Yanaenda." "Haya, mama yako huyu hapa." Dakika moja na nusu, basi. Gego alimrudishia mkewe simu akabaki ameduwaa, kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa. Hadi siku moja binti akamwambia, "Baba, wewe na simu hamuelewani. Njoo kwenye gemu. Tutakuwa tunapigana huku tunaongea."

Akaenda. Mwezi wa kwanza alikuwa akianguka mtoni hata bila kusukumwa, na binti alicheka mpaka akakohoa. Mwezi wa tatu alikuwa anajua kushika ngao. Mwezi wa tano wakafika kwa mamba.

Mamba huyo alikaa kwenye ziwa la mwisho, na nyuma ya ziwa kulikuwa na pango ambalo mtu haingii bila taa ya buluu. Taa ilitoka kwa mamba, ila si kwa kila mamba. Unamuua, anadondosha kitu kimoja, na kitu chenyewe mchezo unakichagua kwa bahati tu: mara ngozi, mara magamba, mara jino. Taa ilidondoka mara moja katika mara elfu, ndivyo wachezaji walivyosema, na kampuni haikukana. Ukishamuua mmoja unakaa ukingoni dakika kumi na mbili hadi aibuke mwingine. Baba na binti wakapeana ahadi kwamba siku wakipata taa mbili, wataingia pangoni pamoja.

Jumamosi saa mbili asubuhi hadi saa nne, mamba wanane au tisa. Kwa miezi kumi na nne. Begi la Gego mle mchezoni lilijaa meno ya mamba, na kila Jumamosi aliambulia patupu.

Jambo hilo lilimchoma kuliko alivyoweza kueleza. Yeye kazi aliijua. Ukichukua kipimo sawasawa, ukachonga nta, ukamwaga plasta bila kiputo, ukasugua saa tatu, jioni una seti ya meno mkononi. Haijawahi kutokea asugue kutwa nzima, kisha afungue kibano akute kipande cha sabuni. Hawa wenye mamba wanachezea watu akili, alisema.

"Mamba mia nne, mwanangu! Sasa lazima tumekaribia."

"Hatujakaribia chochote, Baba. Mamba hana kumbukumbu. Hajui umemuua mara ngapi. Kwake kila siku ni siku ya kwanza."

"Basi ni mpumbavu, na waliomtengeneza pia."

Siku moja akapita mchezaji mgeni kabisa, hata viatu hajanunua, akampiga mamba rungu moja la kubahatisha. Taa ikadondoka miguuni pake. Akaandika pale kwenye skrini, kila mtu asome: "Hii taa ni ya nini?" Gego alitoka nje, akaizunguka kliniki mara mbili kwa mwendo wa kijeshi, akarudi ndani akaandika barua ya saba.

Barua zote zilidai jambo moja. Kila mamba atoe tokeni moja, na mwenye tokeni thelathini apewe taa yake bila maneno mengi. "Mtu akifanya kazi, aone malipo ya kazi yake," aliandika. Barua ya kumi na mbili iliongeza dai dogo mwishoni, karibu kama mtu anayekumbuka kitu akiwa mlangoni: "Na hizo dakika kumi na mbili za kukaa bure ukingoni ni kupotezeana muda. Ziondoeni."

Ndivyo alivyoandika mwenyewe, kwa vidole vyake viwili.

Maana zile dakika za bure, binti alikuwa akizungumza. Hapakuwa na cha kupiga wala cha kukimbia, ni watu wawili tu wa kuchorwa wamekaa kwenye mawe, na Gego huku mezani akiendelea kusugua jino la mtu huku spika imewashwa. Hapo ndipo aliposikia kwamba somo moja binti alilifeli na mama asiambiwe. Kwamba msichana anayekaa naye chumba kimoja anatumia sabuni za wenzake na hajui aibu. Kwamba yuko kijana fulani, mpole, sijui, Baba, labda mpole mno. Kwamba wiki ya pili ya mvua alilia bafuni bila sababu. "Ehee," Gego alikuwa akisema. "Ikawaje?" Kisha maji yanachemka, mamba anaibuka, na wote wanapiga kelele.

Majibu ya barua ya kumi na tisa yalikuja wiki tatu baadaye, na hayakuja kwake peke yake. Kampuni ilitangazia wachezaji wote: kuanzia Jumatatu, mamba atatoa tokeni. Tokeni thelathini, taa moja. Kusubiri kumefutwa, mamba ataibuka papo hapo. Na chini ya tangazo, kwa herufi nene, waliweka sentensi yake: "Mtu akifanya kazi, aone malipo ya kazi yake. Gego."

Alichapisha karatasi ile kwa printa ya kliniki, akaibandika juu ya meza yake ya kazi, na nakala nyingine akaenda nayo nyumbani.

Mkewe aliisoma mpaka mwisho, kwa heshima. "Hongera, baba watoto. Na tokeni za umeme umeingiza? Maana zile ndizo zinazopika."

"Wewe cheka tu. Jumamosi naanza kuhesabu zangu. Nitajua kabisa zimebaki ngapi."

Jumamosi ikafika. Saa mbili kasoro dakika tano alikuwa ameshakaa, chupa ya chai pembeni. Binti akaingia, na mkononi mwa mtu wake mle ndani kulikuwa na taa ya buluu inawaka.

"Nimeipata Jumanne, Baba! Mimi na wenzangu wa bwenini, saa moja tu. Rahisi kweli. Umetusaidia sana."

Gego aliitazama ile taa. "Na pangoni?"

"Tulichungulia kidogo tu. Chumba chenye sanduku. Nitaingia tena na wewe, usijali."

Wakaanza kazi. Mamba akafa, tokeni ikalia, na kabla Gego hajashusha rungu mwingine alishaibuka. Akafa, tokeni, mwingine. Hakukuwa na nafasi ya kupenga kamasi. Kwa mamba wa kumi na moja alijaribu.

"Yule kijana wako vipi?"

"Yupo, ila juzi ali... Baba, mkia! Mkia! Ruka!"

Akaruka. Walipomaliza huyo, mwingine alikuwa ameshafungua kinywa, na habari ya kijana ikapotelea hapo. Kwa mamba wa ishirini aliuliza kuhusu ule mtihani wa kurudia. "Tutaongea, Baba, zingatia." Mamba wa thelathini alianguka baada ya dakika arobaini na nane. Taa ikamshukia Gego mkononi na tarumbeta zikapigwa.

"Hongera, Baba! Umeona? Haki yako."

Wakaingia pangoni. Kulikuwa na chumba, kweli, na sanduku, na ndani ya sanduku kofia mbili za dhahabu. Wakavaa. Binti akamrukisha mtu wake mara tatu kwa furaha. "Basi, tumemaliza gemu. Ngoja nikafue, jua limetoka. Msalimie Mama." Taa yake ikazimika. Ilikuwa haijafika saa tatu. Gego alibaki anaangalia mtu mwenye kofia amesimama peke yake pangoni, na chai kwenye chupa ilikuwa bado ya moto.

Jumamosi iliyofuata alikuja vilevile. Jina la binti lilikuwa la kijivu, maana yake hayupo. Alikwenda ziwani kumsubiri, akataka kukaa kwenye lile jiwe lao, lakini mamba mpya haruhusu mtu kukaa. Aliibuka akamla Gego mzima mzima. Gego akarudi kukaa, akaliwa tena. Mara ya tatu alizima skrini akachukua simu.

Binti alipokea haraka, sauti juu. "Baba? Kuna nini? Mama anaumwa?"

"Hapana. Hatujambo wote."

"Aa. Umenishtua."

Gego alitafuta neno, kwa dhati kabisa, kama mtu anayepapasa sakafuni kutafuta skrubu. Alitaka kuuliza juu ya kijana, lakini kwenye simu swali lilionekana la polisi. Alitaka kuuliza kama ameshalia tena bafuni. Mtu anaanzaje?

"Umekula?"

"Nimekula."

"Masomo?"

"Yanaenda, Baba."

"Ehee," akasema, na akangoja. Hakukuja kitu. Kwa mbali alisikia wasichana wakimwita.

"Haya, Baba, nitakupigia, eti?"

"Haya, mwanangu."

Dakika moja na sekunde kumi. Gego aliweka simu juu ya meza, kati ya nta na msasa, akajilaumu kwa sauti, kwa maneno ambayo hajawahi kumwandikia mtu. Kisha akawasha skrini tena.

"Ndugu wahusika," aliandika. "Hii ni barua ya ishirini. Taa yenu chukueni. Kofia pia chukueni. Tokeni sizitaki tena, na yule mamba na anipe jino mpaka nife. Naomba tu mnirudishie zile dakika kumi na mbili."

Akatuma. Jibu halikuchukua hata sekunde, maana halikuandikwa na mtu.

"Mpendwa Gego, asante kwa maoni yako! Tunafurahi kukujulisha kwamba kusubiri kumefutwa."

Alilisoma mara mbili. Kisha akavuta kiti hadi mezani, akachukua seti ya meno ya mgonjwa wa Jumatatu, akaanza kusugua chonge la kushoto. Spika aliiacha imewashwa. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi, na hakuwa na kazi nyingine.