Mguu wa Kushoto wa Baba

Koti langu la mwaka ule lilinuka katoni na gundi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeacha shule Louisville, Marekani, nikaingia kazi ya kufunga mizigo bohariini, maana mama alifia katika kambi ya wakimbizi, na baba alikuwa askari wa kulinda kijiji, aliyeanguka vitani milimani kwetu, Kivu ya Kusini. Mdogo wangu Amosi aliishi Columbus kwa baba mkubwa. Neema, wa mwisho, alikuwa Buffalo kwa shangazi. Jumamosi moja mchana simu ilituunganisha sote na pasta wetu wa zamani. Vita vilikuwa vimetulia, na wanakijiji walikuwa wakifukua askari waliozikwa pamoja kilimani ili kila mmoja arudishwe kwao. Nguo zilikuwa zimeoza, kwa hiyo pasta alitaka alama ya mwilini.

Kabla sijazaliwa, ng'ombe alimvunja baba mguu, na mfupa ukaunga vibaya. Baba mkubwa akasema ni wa kulia. Kwetu, kaka wa marehemu akishasema, mtoto hana neno, tena mtoto wa kike. Lakini mimi ndiye niliyekuwa fimbo ya baba tukishuka malishoni asubuhi. Nilitembea kushoto kwake, na kila hatua ya upande ule bega langu lilibeba uzito wake. Nikasema ni wa kushoto.

"Bon, haya," baba mkubwa akasema taratibu, "leo unanifundisha mguu ya ndugu yangu?"

Nilikuwa karibu kuomba radhi shangazi alipoingilia. "Kaka, wewe ulikuwa mjini miaka yote ile. Ni huyu baba yake alikuwa anamuegemea. Acha aseme."

Nikarudia: kushoto, chini ya goti.

Baada ya siku mbili pasta alipiga tena. Walikuwapo wawili wenye mifupa ya namna hiyo, mmoja kushoto, mmoja kulia. Kwa wafugaji si ajabu. Wa kushoto akazikwa kando ya babu, nasi tukamaliza matanga, kila mmoja mjini kwake.

Leo Amosi na Neema ni watu wazima, wananijibu kwa Kiingereza, na baba yao ana kaburi lenye jina. Yule wa mguu wa kulia alirudishiwa udongo palepale kilimani. Wakati ule nilishukuru tu kwamba hakuwa wetu. Sasa nina watoto, na nikimkumbuka baba namkumbuka na yeye. Huenda ana binti mahali fulani anayejua ni mguu gani, na hakuna aliyemuuliza.