Dirisha la Kituo cha Orval

Leota Tackett alikuwa na wivu, na hapa kwetu hakuna aliyekuwa hajui. Alimwonea kijicho mdogo wake, Maurine, tangu wakiwa wasichana wa kusukwa nywele, na alipopita miaka sabini kijicho kilikuwa bado kibichi. Ukitaka kumharibia siku ulimwambia tu kwamba Maurine amependeza.

Baba yao, Orval, ndiye aliyekuwa mwenye kituo cha mafuta pale barabara ya zamani inapokata kona ikitoka Tulsa. Alikuwa na magari mawili. Moja lilikuwa la kazi, gari la kuvuta magari yaliyoharibikia njiani, la kijani, lenye winchi nyuma na maandishi aliyoyachora mwenyewe mlangoni kwa brashi nyeupe: TACKETT, MCHANA NA USIKU. La pili lilikuwa la Jumapili, jekundu, la milango miwili, na ole wake aliyeligusa kwa mkono wenye grisi. Kwenye kazi Orval alimchukua Leota, kwa sababu alikuwa na nguvu na hakuogopa matope. Siku ya kanisa Maurine ndiye aliyekaa mbele, na kofia yake na soksi zake nyeupe, na Leota akakaa nyuma akiitazama ile kofia. Basi hapo ndipo donge lilipomkaa rohoni, likakataa kushuka.

Orval alipofariki, magari yaligawanywa kama alivyowazoesha. Maurine akapata jekundu, akaolewa na daktari wa meno, akalijengea gari chumba chenye kiyoyozi. Leota akapata la kijani. Hakuolewa. Aliendesha basi la shule mpaka alipostaafu, na gari la baba yake likakaa bandani, kuku wakilala juu ya boneti, ingawa injini hakuiacha ife.

Kituo chenyewe kilikufa barabara kuu mpya ilipopita mbali na sisi. Paa likaanguka, miti ikaota palipokuwa na pampu. Miaka ikaenda, halafu watu wakaanza kuja kutoka mbali kutafuta barabara ya zamani, tukapata akili. Tuliuza pai na bamia za kukaanga kila Jumamosi mpaka tukakisimamisha tena: vigae vyeupe, pampu nyekundu, na lile dirisha kubwa la mbele linalotazama barabara. Tukakifanya makumbusho ya magari ya kale. Nyuma palikuwa na nafasi ya magari kadhaa, lakini dirishani lilitosha moja tu. Hilo ndilo kila mpita njia angelipiga picha. Kamati yetu ya makumbusho ilisema itatangaza gari la dirishani Jumapili, watu wakitoka kanisani.

Leota alilitaka dirisha lile kuliko alivyowahi kutaka mume.

Jumamosi asubuhi alikuwa pale kituoni na ufagio wakati Maurine alipofika. Lile jekundu lilikuwa limefungwa juu ya tela.

"Vipi, Maurine, gari linaumwa?" alisema Leota. "Mbona limebebwa kama mgonjwa?"

"Kuna vumbi barabarani, dada."

"Magurudumu manne yote ni mapambo, siyo?"

"Na lako je, litakuja lenyewe? Au kuku watalisukuma?"

Watu walicheka. Hata Corinne Haskew, mwenyekiti wa kamati, alicheka kabla hajakumbuka cheo chake. Jekundu likashushwa, na kwa jinsi lilivyong'aa ungeweza kuchania nywele ubavuni mwake. Wanaume wazima walivua kofia. Leota alifagia mahali palepale alipokwisha kufagia, roho ikimuuma waziwazi.

"Lako tunalingoja, Leota," Corinne akamwambia. "Lilete kama lilivyo tu. Usijisumbue."

Kama lilivyo! Leota alilichukua neno lile kuwa ni huruma, na hakuna kitu alichokichukia kama kuhurumiwa mbele ya Maurine.

Alirudi nyumbani akaazima kwa jirani mashine ya kupigia polishi na dawa ya kusugulia rangi. Akavaa suruali ya kazi, akaanza na boneti. Kijani cha zamani kikaanza kutoka chini ya vumbi, na kadiri kilivyong'aa ndivyo alivyouona uso wa Maurine ukisawijika. Akaimba kidogo. Akafika mlangoni mwa dereva. Chini ya dirisha palikuwa na mahali ambapo rangi ilikuwa imelika mpaka kwenye chuma, kwa sababu Orval alikuwa akiendesha na kiwiko nje, kiangazi na masika. Leota aliona aibu napo. Akatafuta kopo la rangi ya kijani, akapaziba. Kisha akageukia maandishi, yaliyokuwa yamefifia, akabonyeza mashine kidogo ili yatakate.

Rangi ya brashi ya zamani ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Alipozima mashine, nusu ya jina la baba yake ilikuwa kwenye sifongo. Alisimama pale akiitazama. Angeweza kuacha hapo. Lakini nusu iliyobaki ilimtia aibu kuliko yote, na Maurine angeiona, kwa hiyo akawasha mashine tena akaimaliza.

Jumapili alifika kituoni akipiga honi, gari likimetameta kama sufuria mpya. Corinne alitoka, akalizunguka, akafika upande wa dereva, akakaa chini kwenye ukingo wa pampu.

"Maandishi yako wapi?"

"Yalikuwa yamechakaa."

"Leota, jamani. Dirisha lilikuwa lako. Tulikubaliana tangu juzi, hakuna aliyebisha. Magari mekundu yanayong'aa yamejaa barabara hii yote, ila mlango ule haupo popote. Si nilikuambia ulilete kama lilivyo?"

Maurine alikuwa amekwishaufikia mlango. Alipapasa chini ya dirisha, akapapasa tena.

"Kiwiko chake kiko wapi?"

"Nimepaka rangi."

Maurine akaanza kulia, mbele ya watu, na rangi ya macho ikamshuka. "Mjinga wewe! Mimi nilikuwa nasimama dirishani jikoni, nawaona mnaondoka, kiwiko chake nje, wewe pembeni unacheka. Nilikuwa nakuombea homa, Leota, ili aniite mimi. Tukienda kanisani alikuwa haniambii neno. Njia nzima kimya, kama amebeba mayai. Na wewe je? Alikuwa akikusemesha?"

Leota alitazama mlango wake mtupu.

"Alikuwa anaimba," alisema.

"Baba? Anaimba?"

"Akiwa kwenye gari hili. Kwenda na kurudi."

Dirishani limekaa jekundu. La kijani liko nyuma, karibu na makopo ya oili, na wageni hulipita bila kusimama. Kila Jumamosi, pai zikiisha, Leota huingia ndani yake akakaa kwenye usukani, akatoa kiwiko nje na kukisugua pale alipopaziba, kama mtu anayetaka kuianza upya kazi ya baba yake. Maurine humfuata, akafungua mlango wa pili, akakaa mahali pa Leota pa zamani, huku mkoba wake ameukumbatia.

"Niambie basi, dada. Alikuwa anaimba nini?"

"Nimesahau," Leota humjibu, kila Jumamosi, na hajasahau hata mstari mmoja.